Sungura wa Somo la Bayolojia

Nikipita Waiyaki Way siku hizi na kuona shule yetu imepakwa rangi mpya, huwa naitamani harufu ya maabara yake ya miaka ile ya elfu mbili: gesi, chaki, na soksi zetu zilizolowa umande wa Loresho. Hata mwalimu wetu wa bayolojia natamani kumwona tena, na yule mama alitutoa jasho.

Tulipofika kidato cha tatu alitaka kila kundi lilete sungura wake wa kupasua. Kwetu tulifuga sungura nyuma ya jikoni, kwa hiyo wa kundi letu nilimleta mimi, mzima, ndani ya katoni ya unga. Mwenzangu wa dawati alikuwa Mhindi ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe. Aliutaka udaktari kwa udi na uvumba. Mwalimu alikuwa ameshamwambia wazi: asiyepasua ahamie jiografia, na bila bayolojia udaktari ausahau. Iliniuma sana, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya kuona moyo unakaa wapi.

Shuleni kwetu hakuna kilichoanza bila maombi. Siku hiyo mwalimu, pamba yenye dawa ya usingizi mkononi, akaninyooshea kidole. "Wewe, omba haraka tuanze."

Nikafumba macho. Mbele yangu palikuwa na sinia, kisu na sungura, na mdomo ukafuata mazoea ya nyumbani: "Baba, bariki chakula hiki na mikono iliyokitayarisha."

Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao, mabega yakimtikisika. Rafiki yangu peke yake hakucheka.

"Ingekuwa chakula, Madam, si ningeelewa," alisema. "Lakini hawa wote, halafu tunawatupa kwa shimo? Si hata mmoja anatosha? Mimi nitachora kila kitu, I promise."

Nilijua ameshaiaga bayolojia. Mwalimu alizitazama zile katoni moja baada ya nyingine, kisha akaketi.

"Mmoja tu," alisema mwishowe. "Nitapasua mimi. Wengine mrudishe kwenu. Na wewe, nikikosa kuona figo kwa hiyo drawing yako, utanijua."

Figo alizichora vizuri kutushinda sote. Jioni alinisindikiza hadi langoni akiwa ameikumbatia katoni, anamwimbia sungura kwa Kigujarati, nami sikuwa na moyo wa kumwambia kwetu sungura hufugwa kwa nini.

Jumatatu aliniuliza, "Sasa? Sungura yetu iko aje?"

"Tulimla jana."

Machozi yalimlengalenga palepale. Nikaona nimempoteza. Akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Mlimmaliza?"

"Mpaka mchuzi."

"Afadhali," alisema, akasogea nikae.