Foleni Niliyoipanga Peke Yangu

Wenzangu mliopanga foleni ya sukari kwa mawe, nawaandikia nyinyi. Vijana wakitaka kusoma wasome, ila wasije kunicheka, kwa sababu nina hasira na hazijapoa.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Nakumbuka miaka ile sukari ilipoadimika na unga ulikuwa wa njano, mama alikuwa ananitikisa bega kabla ya adhana ya alfajiri. "Amka, kaniwekee jiwe." Hakusema zaidi. Nilijikokota gizani mpaka duka la ushirika, macho yamefumba nusu, miguu imelowa umande, na pale mbele ya mlango nilikuta mstari umeshaanza. Haukuwa mstari wa watu. Palikuwa na mawe, nusu tofali, makopo ya maziwa yaliyotoboka, ndara ya mguu mmoja, ufagio uliokwisha. Kila kitu pale kilikuwa mtu. Letu sisi lilikuwa pande la kigae chekundu. Nililiweka nyuma ya ufagio wa Bi Tatu, jirani yetu, nikarudi kulala.

Asubuhi watu wakija wanakuwa wengi kuliko mawe, lakini mama alifika na kikapu chake akasimama juu ya kigae kana kwamba hajaondoka hapo tangu usiku, na hakuna aliyeguna. Sukari yenyewe tuliikosa mara nyingi. Tulifika dirishani tukaambiwa imekwisha, tukarudi kunywa chai kavu. Tulikosa sukari, nafasi hatukukosa. Hakuna mkono uliogusa jiwe la mtu.

Sikukuu ilikuwa vivyo hivyo. Siku ya Idi kiwanjani lilisimamishwa bembea kubwa la mbao, lile la kuzunguka, lenye masanduku manne, linalosukumwa kwa mikono na vijana waliovua mashati. Ekseli ilipakwa mafuta ya mgando lakini ililia tu, mlio wake uliusikia tangu nyumbani ukiwa bado unavalishwa kanzu. Ah, ile kanzu mpya, ngumu kwa wanga, inakukwaruza shingoni! Mfukoni una kashata, mdomo mwekundu kwa ubuyu, na sandukuni mmebanana watoto wanne mnapiga kelele kabla halijatoka chini. Likifika juu lilisimamishwa makusudi. Ukaona mabati ya mji mzima, ukaona mama yako mdogo kama sisimizi, ukaanza kujuta na kufurahi kwa pamoja.

Tulipanga foleni ya bembea kwa mawe pia, tangu kabla ya sala. Mwenye bembea alikuwa Mzee Kombo, fundi seremala mwenye jicho moja bovu. Mwaka mmoja alikuja karani mkubwa wa bandari na gari lake, kamshika mkono mwanawe aliyevaa viatu vya kung'aa, akaja moja kwa moja mpaka mbele.

"Kombo, mpandishe huyu tuwahi."

Mzee Kombo alimtazama mtoto, si baba. "Una jiwe, mwanangu?"

"Sina."

"Basi kaokote. Mawe Mungu kayamwaga, hayauzwi."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yule mtoto alikwenda kweli, akaokota changarawe ndogo kama punje ya hindi, akaiweka mwisho kabisa akaisimamia kwa miguu miwili isipotee. Zamu yake ilipofika Mzee Kombo mwenyewe ndiye aliyembeba akampandisha.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo Stockholm. Na nawaambia ukweli, nilipofika hapa nilijiona nimefika kwetu. Watu wanapanga foleni bila kuamrishwa! Ukiingia duka la dawa unachomoa kikaratasi chenye namba, unakaa, hakuna wa kukupita hata awe waziri. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa jiwe, ila jiwe lao ni la karatasi. Kwa miaka mingi niliwatetea mbele ya kila aliyewasema kwamba wana roho baridi.

Sasa sikilizeni walichonifanyia. Au nilichojifanyia, tutaona.

Tangu baridi haijaisha, mji mzima ulikuwa unaimba kitu kimoja. Bustani ya michezo iliyoko ng'ambo ya maji inafungua sehemu mpya, Nchi ya Majitu. Si bembea la kupanda na kushuka. Ni msitu mzima umejengwa, unaingia ndani unakuwa wewe ndiye mtoto uliyepotea, miti inakuongelesha, ardhi inapumua chini ya miguu yako, majitu yanakuita kwa jina. Mabango yalijaa kwenye vituo vyote vya treni. Kwenye taarifa za habari walionya kila jioni kwamba umati utakuwa haujawahi kuonekana, watu watoke mapema, wajiandae. Mjukuu wangu Zuhura, wa miaka minane, alikata picha ya jitu akaibandika juu ya kitanda chake. Darasa lake lote halikuwa na habari nyingine.

Nilimwambia nitampeleka mimi, siku ile ile ya kwanza. Mwanangu Hamisi, baba yake, alisita. Nilimwona akisita. Kazi ilimbana siku hiyo, na mimi nilitaka siku moja tu ambayo mtoto yule ataikumbuka kuwa ni ya babu yake. Baba yake anampeleka kuogelea, mama yake anampeleka kwenye mpira. Mimi nampeleka wapi? Dukani kwetu Tensta kununua viazi vitamu.

"Baba, lete simu yako nikuwekee," Hamisi alisema. "Kuingia langoni ni tiketi, lakini ile sehemu mpya unachukua nafasi kwenye simu. Zinafunguliwa jioni ya kuamkia siku yenyewe."

"Foleni ni miguu," nikamjibu. "Nimepanga foleni kabla hujazaliwa."

"Babu, man måste boka," Zuhura naye akaingilia, kwamba lazima kuweka nafasi kwanza. Huyu ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa lugha ya shule.

"Wewe lala mapema tu. Babu yako atafika kabla ndege hawajaamka."

Hata rafiki yangu Byamungu, Mkongo wa Bukavu ninayekunywa naye chai pale Tensta, alinionya kwa namna yake, foleni akiiita rang. "Papa Hamisi, ile rang yenu ya mawe ilikufaka. Sasa rang iko mu telefone. Utaenda kusimama pale kama mlingoti."

"Nyinyi watu wa Bukavu mlijua lini kupanga foleni?"

"Hatukujuaka. Ndiyo maana sisi hatuipigie kilio." Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye shati. Nilimkasirikia siku nzima.

Siku yenyewe tulipanda treni ya kwanza. Zuhura alilala begani mwangu. Nilikuwa na kigoda, chupa ya chai ya tangawizi na chapati kwenye mfuko. Tulipofika langoni hapakuwa na mtu hata mmoja. Mnajua nilivyojisikia? Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikamwambia, "Unaona? Wale wa kwenye televisheni wanatisha watu bure." Nikatandaza kanga ya bibi yake, tukakaa. Nikamsimulia habari za Mzee Kombo. Akacheka pale pale pa kuchekea.

Baadaye akataka kwenda haja. Choo kilikuwa mbali kidogo, kwenye kituo cha basi. Watu walishaanza kuja mmoja mmoja. Nikafanya kitu ambacho kila mmoja wenu angefanya. Niliacha kigoda mbele kabisa ya lango, juu yake mfuko wa chapati, ili watu wajue pana mwenyewe.

Tuliporudi tulikuta kigoda changu kimezungushiwa utepe wa rangi mbili. Walinzi wawili wamesimama mbali, mmoja anazungumza kwenye redio. Watu wamesogezwa nyuma. Mzigo usio na mwenyewe, walisema. Chapati zangu! Zimesimamisha lango la bustani nzima!

"Ni zangu," nikasema kwa Kiswidi. "Nimeweka nafasi."

"Nafasi ya nini?" mlinzi akauliza. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa hajui kweli.

Akanifanya nifungue mfuko mbele ya watu wote, nikunjue chapati moja moja. Kuna waliopiga picha. Mnisamehe, lakini katika mji ule niliokulia, mtu kugusa jiwe la mwenziwe ni sawa na kumsukuma mtoto mgongoni. Hawa waligusa na wakaogopa.

Lango likafunguliwa. Tuliingia wa kwanza, hilo hawakutunyima. Nilimshika Zuhura mkono tukaenda mbio, mimi na goti langu hili, mpaka mlango wa Nchi ya Majitu. Ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Magome ya miti mirefu kama nyumba, moshi unatoka kwenye mizizi, na kutoka ndani pumzi nzito ya kitu kikubwa kilicholala. Zuhura alinibana vidole. Msichana aliyevaa majani alituchekea akanyoosha kidude chake cha kusomea simu.

"Nafasi yenu ni ya saa ngapi?"

"Sisi ndio wa kwanza," nikasema.

"Nafasi za leo zimekwisha tangu jana jioni."

"Nimekuwa hapo nje tangu alfajiri. Waulize walinzi. Hakuna aliyenitangulia."

"Ndiyo, ulikuwa wa kwanza langoni," akasema kwa upole. "Kwenye foleni hukuwamo."

Hapo ndipo nilipopasuka. Sikumbuki yote niliyosema. Najua nilianza kwa Kiswidi nikamalizia kwa Kiswahili. Najua nilimnyooshea kidole binti aliyeajiriwa kuvaa majani. Na nilipokuwa napiga kelele, watu walinipita pembeni, wametulia, wana aiskrimu mkononi, wamelala wakaamka wakanywa kahawa yao, wanainua simu, kinalia kitu kama ndege, wanaingia. Mmoja wao alikuwa mtoto wa darasani kwa Zuhura. Alipunga mkono.

Nikageuka kumwonyesha Zuhura. Hakuwepo ubavuni mwangu. Alikuwa amejificha nyuma ya pipa la taka, amejifunika uso kwa kofia.

"Babu, sluta," alisema. Acha. Kwa sauti ndogo. "Wananiangalia."

Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu. Sikuumia hivyo.

Tulikaa kwenye benchi. Chapati hakuna aliyezigusa. Baada ya muda nilimwambia, "Nimekosea mimi. Baba yako alitaka kuniwekea, nikakataa. Wewe pia uliniambia."

"Jag vet," akasema. Najua.

Hamisi alipotoka kazini sikusikia hata neno moja la lawama. Nilimsubiri anilaumu ili nami nimjibu, nina majibu mengi. Alikaa jikoni akabonyeza simu yake kwa dakika chache, akasema amepata nafasi Jumamosi ya wiki inayofuata. Zilikuwa mbili tu zilizobaki. Nikahesabu mwenyewe, kama mtoto: Zuhura na mimi.

Zuhura alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Babu, utakasirika nikienda na Baba?"

"Sitakasirika."

"Kweli?"

Alikuwa ananitazama machoni, hapepesi.

Enzi zetu, nani kati yetu aliwahi kumwuliza mzee swali kama hilo? Tulitazama mkunjo wa uso wa baba, tukajua, tukarudi nyuma kimya. Sisi tulijua foleni ya kila kitu, na sikuzote tulikuwa nyuma ya hasira za wakubwa zetu. Hilo hatulisimulii tunapokumbuka kashata na ubuyu. Vijana hawa hawajui kusimama. Hawajui kungoja kitu mpaka miguu ikawaka moto, wala furaha ya kupandishwa juu baada ya kungoja hivyo, na nitawasikitikia kwa hilo mpaka nakufa. Lakini sisi hatukujua kuuliza.

"Nitakasirika," nikamwambia. "Kidogo. Halafu nenda na Baba yako."

Akafikiri. "Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka utakaporudi ukaniambia jitu lilikuitaje."

Walikwenda Jumamosi. Nilibaki nyumbani, nimekasirika kama nilivyoahidi, nimekaa dirishani nikitazama njia ya kutoka kituo cha treni.