Bismillah ya Sindano

"Mkutano wa Wadau wa Ngazi ya Kitongoji Kuhusu Maandalizi ya Awali ya Uhamasishaji wa Chanjo ya Surua." Ndivyo afisa kutoka Karatu alivyosoma jina la mkutano, akavuta pumzi, akaanza. Wadau wenyewe walikuwa mama zetu, waliotoka kung'oa vitunguu, udongo bado miguuni; pembeni alikaa nesi na kisanduku chake cha chanjo.

Nilipokuwa mtoto pale Mang'ola, bibi yangu mzaa baba, Mrangi wa Kondoa aliyefuata kilimo cha vitunguu, alituonya kwamba damu ikimwagika bila kutajiwa jina la Mwenyezi Mungu, majini huja kuinywa. Nikijikwaa nikachubuka, nilisema bismillah kwanza, kulia baadaye. Hata leo nikinyoa ndevu midomo hunicheza.

Surua ilikuwa imeshalaza watoto wa majirani, na mdogo wangu Zuhura alikuwa hajachanjwa. Mama alitaka achanjwe. Bibi alikuwa amemfunga mgongoni na hakuonyesha dalili ya kumfungua.

"Hiyo dawa ni halali?" aliuliza.

Afisa akajibu kuwa imeidhinishwa na mamlaka husika.

"Mamlaka ipi, mwanangu? Ya Karatu au ya mbinguni?"

Watu wakacheka. Ustadh Jumanne, mwalimu wetu wa madrasa, akasimama. Akaeleza taratibu kwamba kulinda uhai ni katika makusudio ya sheria yenyewe, kwamba tumeamrishwa kujitibu, na kujikinga ni mlango uleule.

"Hayo nimekubali, Ustadh. Mimi nauliza damu. Sindano inatoboa, damu inatoka, na nesi ni Mkristo. Nani ataitajia?"

Nesi, dada wa Kiiraqw mwenye sauti kubwa, hakukasirika hata kidogo. "Bibi, mimi nikiwa na sherehe namwita Mwislamu achinje, ili wageni wangu wote wale. Leo nifanye hivyohivyo. Ustadh, njoo usimame hapa."

"Mwongozo hauna kipengele hicho," afisa akanong'ona.

"Una kinachokataza?" nesi akauliza.

Hakikuwepo. Bibi akafungua mgongo, Ustadh akasema bismillah, sindano ikaingia, Zuhura akalia hadi punda wa jirani wakaitikia. Bibi akapiga kigelegele kana kwamba anaoza mwari.

Foleni ikajipanga yenyewe. Mama Paskali, mwimba kwaya wa kila Jumapili, alipofika mbele na mwanawe, Ustadh alinyamaza kwa adabu. Mama Paskali akamkazia macho.

"Mbona kimya? Wa kwangu ndiye kibudu?"

Akasomewa. Wote waliofuata wakasomewa, mpaka sauti ikamkauka Ustadh.

Tangu hapo nimesoma kurasa nzito za wanazuoni wanaoijuzisha chanjo, na hoja zao hazikupishana sana na za Ustadh. Ila naona Bibi hakuwa akiipinga. Alikataa tu mjukuu wake atobolewe kimyakimya kama gunia, na siku ile alishinda mbele ya serikali nzima.

Surua ilizunguka Mang'ola mpaka mvua zikaanza. Zuhura hakuugua.