Siku Gari la Rimoti Lilipopelekwa kwa Chifu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia, na hakuweza kuona kitu kinachofanya kazi bila kutaka kukifungua. Pasi yangu ilifunguliwa. Saa ya ukutani ilifunguliwa, ikafungwa, na tangu siku hiyo ikawa inatangulia, tukawa watu wa kwanza kufika kanisani kila Jumapili. Sikulalamika sana. Waume wa majirani walikuwa wanafungua chupa.

Tulikaa Kapsoya, mjini Eldoret, nyumba ya kukodi yenye vyumba viwili, tukiwa watu wa kuja. Siku moja akarudi kutoka Plateau, nje ya mji, ambako daktari mmoja Mzungu wa hospitali ya misheni alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao na kugawa alivyoshindwa kubeba. Kwapani alikuwa na gari la kuchezea, jekundu, lenye magurudumu manene na antena nyembamba, pamoja na rimoti yake ya vijiti viwili. Akasema ni la watoto. Watoto wetu, mmoja alikuwa bado hajaanza shule na mwingine alikuwa anatambaa. Sidhani waliligusa zaidi ya mara mbili.

Shida ya gari ilikuwa mwendo. Kwenye sakafu ya simiti lilijitahidi, lakini likifika kwenye mkeka lilisimama likanung'unika. Mume wangu alilifungua siku hiyohiyo, akanionyesha mota, kitu kidogo cha kufichwa kiganjani.

"Gari ni nzuri," akasema, "lakini mota ni ya bure. Tukibadilisha hii, utaona."

Alichobadilisha nayo ni mota ya redio kaseti yangu. Mota ya kaseti imetengenezwa izunguke kwa kasi ileile siku zote, ili wimbo usivutike wala usikimbie, na ndani yake mna kidude cha kuizuia isipitilize. Hilo mume wangu alilikumbuka kaseti yangu ikiwa tayari vipande mezani. Gari likaenda kwa mwendo wa kwaya inayoingia kanisani, na ukilirudisha nyuma lilikataa kabisa. Niliweka mikono kiunoni nikamwuliza kama hiyo ndiyo fizikia wanayofundishwa watoto wa watu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema, na huyu wangu hakuwa mshindani hata kidogo. Akaenda kwa mafundi wa magari mjini, akapata kutoka kwenye Peugeot iliyokufa ile mota ndogo ya pampu inayorusha maji kwenye kioo. Ilikuwa nene, na nzito kuliko inavyoonekana. Akakata tumbo la gari ili iingie, akaifunga kwa mpira wa tyubu, akaongeza betri. Alipoliwasha lilitoka sebuleni, likapita jikoni, likapiga sufuria ya maziwa teke. Uso wake ulivyong'aa, sikuwa na moyo wa kumgombeza.

Sasa nyumba ikawa ndogo. Akaanza kwenda uwanjani nyuma ya mtaa kila jioni akitoka shule. Alitaka kujua litaenda mbali kiasi gani kabla halijaacha kusikia rimoti, kwa hiyo akaunganisha antena ya rimoti na waya mrefu wa shaba, akaufunga kwenye ufito mrefu aliouchomeka ardhini. Akasimama hapo akihesabu hatua kwa sauti.

Mimi ndiye niliyeona kosa, na niliona nimechelewa. Nilikuwa nimetoka kumwita aje ale. Nikiwa barabarani nikatazama uwanjani, nikamwona mume wangu peke yake, mtu mzima mwenye koti, ameshika kisanduku chenye waya uliopanda juu, anaongea. Gari halikuonekana. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na nyasi zilikuwa zimefika magotini.

Miaka ile hukuhitaji kuelezwa maana ya picha kama hiyo. Tulikuwa na chama kimoja, na chama kilikuwa na macho kila mtaa. Walimu ndio waliokuwa wakitazamwa zaidi, kwa sababu walisoma. Mtu alikuwa akiitwa kujibu maswali, na mke wake akawa anaanika nguo zake mwenyewe na za watoto tu. Taarifa ya habari ya saa saba watu waliisikiliza wakiwa wameacha kutafuna.

Nilimwambia usiku huo aache. Akanicheka, akasema kila mtu anajua ni toy. Kila mtu nani? Siku chache baadaye mwenye duka nilikokuwa nanunua sukari alinirudishia chenji taratibu, akauliza akitazama pembeni, "Mama, mwalimu ananunua betri mingi sana siku hizi. Ni za nini?" Nikasema tochi. Kwa nini nilisema tochi, mimi sijui mpaka leo. Nilitoka pale haraka, kwa sababu sasa kulikuwa na uongo na ulikuwa wangu.

Ijumaa jioni alikuja kijana wa chama, mwenye beji kifuani. Hakuketi nilipomkaribisha.

"Mwalimu, chifu amesema ukuje baraza ya Jumatatu asubuhi," akasema. "Na ukuje na hiyo mashine yako ya kuongea na watu wa nje."

"Ni gari ya kuchezea," mume wangu akasema.

"Utamwonyesha vile inacheza."

Mlango ulipofungwa, mume wangu akatulia kabisa, akasema basi hakuna shida, ataonyesha. Akaliweka gari sakafuni kuhakikisha. Likaruka hatua moja, likasimama, na moshi ukatoka tumboni mwake. Harufu ile ya plastiki kuungua ilikaa kwenye mapazia mpaka wiki iliyofuata. Ile mota ya Peugeot ilikuwa na tamaa ya umeme kuliko bodi ndogo ya gari ilivyoweza kutoa, na jioni zote zile uwanjani ilikuwa ikiila polepole. Transista, vile vidude vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota, zilikuwa zimeungua.

Nieleze hapa tulichokuwa tunaogopa, maana kinaweza kuonekana kama mchezo. Kama gari linatembea, rimoti ni ya gari. Kama gari halitembei, basi mwalimu amekuja kwa chifu na kisanduku chenye antena ndefu ambacho hakifanyi kitu chochote anachosema kinafanya. Mjini Eldoret hakukuwa na mtu wa kumuuzia transista Jumamosi bila kuuliza za nini, na sisi hatukutaka kuulizwa na mtu mwingine tena.

Akatoa transista kwenye redio yetu nyingine, ile ya kusikilizia habari. Jumapili baada ya kanisa alikaa mezani akilehemu, mimi nikiwa nimesimama dirishani nikijifanya nakunja nguo, nikimtazama kila apitaye. Redio ilikuwa na mbili tu zilizofaa. Mbili zilitosha kulipeleka gari mbele. Za kulirudisha nyuma hazikuwepo.

Hapo tukagombana juu ya mota, ugomvi wa kunong'ona kwa sababu ya ukuta wa jirani. Yeye alitaka kuirudisha ile kubwa. Alisema gari likitambaa mbele ya watu, nani ataamini kwamba mtu mzima alipoteza jioni zake kwa ajili ya kitu kama hicho? Wataona ni kisingizio. Likienda kasi wataelewa. Mimi nikamwambia kubwa itachoma tena, na safari hii itachomea mbele ya chifu.

"Weka ile ya kwanza," nikasema. "Ile ya bure."

"Itaniaibisha."

"Afadhali aibu, Baba watoto."

Aliiweka. Lakini aliiweka akiwa amekunja uso, na usiku alilala amegeukia ukuta. Mimi sikulala.

Baraza ilikuwa kwenye uwanja mbele ya ofisi ya chifu, watu wameketi nyasini, bendera juu. Chifu alikuwa kwenye kiti na sare zake za kaki. Kando yake aliketi mtu mwenye koti la kijivu, ambaye hakuna aliyemjua na hakuna aliyeuliza. Nilimpa jirani mtoto mdogo, nikaketi mbele karibu na akina mama.

Mume wangu alikuja na tai. Akaweka gari chini mahali nyasi zilipokatwa.

"Mwalimu, hii ni nini?" chifu akauliza.

"Ni gari ya watoto, Chifu. Inaendeshwa na mawimbi ya redio. Hii ya mkono inatuma, na ile inapokea."

Watu wakatazamana. Nilitamani kuinuka nikamzibe mdomo. Ulimi uliponza kichwa, na huyu alikuwa na ulimi wa darasani, anaeleza zaidi kila anapoogopa zaidi.

"Inatuma kwa nani?" akauliza yule wa koti. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Kwa gari, Mzee."

"Endesha tuone."

Akasukuma kijiti. Gari likasita, kisha likaanza kutambaa likilia, likaenda mpaka kwenye mawe yaliyopakwa chokaa chini ya bendera, likagonga, likabaki hapo likisukuma jiwe. Halikuweza kurudi. Mume wangu, na tai yake, akalifuata, akaliinua, akaligeuza kwa mkono, akarudi mahali pake, akasukuma tena kijiti. Likatambaa upande wa pili, akalifuata tena. Kuna mtu nyuma alianza kucheka, akameza. Yule wa koti hakucheka.

"Na hiyo yako ya kutuma," akasema, "inaweza kufika wapi?"

Mtu yeyote mwenye akili angesema hapa tu, Mzee. Mume wangu alisimama wima kama yuko mbele ya ubao.

"Inategemea antena," akasema. "Ukiongeza waya inaweza kufika mbali sana."

Nilimwona chifu akimtazama yule wa koti. Nilijua kwamba huyu mtu ataongeza sentensi nyingine, na nyingine, mpaka ajieleze kwenye gari la serikali. Nikacheka.

Nilicheka kwa nguvu, peke yangu, kicheko cha sokoni. Macho yote yakanigeukia. Kwa muda sikuwa na hakika kwamba sikuwa nimetumaliza wote wawili. Kisha nikasimama nikijipangusa macho na leso.

"Chifu, mniwie radhi. Mimi ndio bibi yake," nikasema. "Niko na watoto wawili kwa nyumba, na huyu ndio wa tatu. Aliharibu kaseti yangu juu ya hiyo kitu. Akaharibu redio. Ati ifike mbali! Hiyo kitu haiwezi kufika choo!"

Mama mmoja mzee aliyekuwa na kikapu akaanza kucheka. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikausukuma na bega.

"Hata mama yake aliniambia siku ya harusi. Aliniambia, 'Mchukue, mwanangu, lakini ujue huyu hajawahi kukomaa. Utamalizia kumlea.' Na mimi namlea, Chifu! Namlea mpaka leo!"

Basi uwanja ukapasuka. Wazee walijipiga mapaja. Vijana wa chama walishikana mabega. Chifu alifunika mdomo na kofia yake, na mwishowe yule mtu wa koti la kijivu akatabasamu, akatikisa kichwa, akamtazama mume wangu namna mtu anavyomtazama mtoto aliyejimwagia uji. Mume wangu alisimama katikati, rimoti mkononi. Hakunitazama.

"Mwalimu," chifu akasema alipopata pumzi, "enda nyumbani ulelewe. Hii ya kutuma itabaki hapa kwa ofisi."

Tulirudi kwa miguu, yeye amebeba gari lisilo na rimoti. Nilimshika mkono, na hakuukataa. Alisema asante. Alisema ningechelewa kidogo tu, mambo yangekuwa mengine. Ni mtu wa haki, mume wangu. Deni la namna hiyo hawezi kulificha. Tulipokaribia mtaani akasimama.

"Mama alisema hivyo kweli?"

"Hapana," nikasema. "Nilibuni palepale. Mama yako siku ya harusi alilia tu, hakuniambia neno."

Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea.

Wanafunzi walimtania muhula mzima, wakinguruma kama injini akipita, kisha wakasahau. Kitu ambacho hakikusahaulika nilikiona nyumbani. Alipunguza kwenda kwa mama yake. Akienda, alikaa ukingoni mwa kiti, akimtazama kikongwe yule akimwekea chakula, akimwambia kula mwanangu, na nilijua anachokitafuta usoni mwake. Nilimwapia mara nyingi. Niliapa kwa Mungu, niliapa kwa watoto. Lakini alikuwa amenisikia nikisema mbele ya chifu na mtu wa serikali na mtaa mzima, na kila mtu pale aliniamini.

Sijuti. Ningerudishwa leo kwenye nyasi zile ningecheka tena, na kwa sauti zaidi. Wenzangu walibaki na nguo za kuanika za upande mmoja, mimi nilibaki na mume.

Mama yake alifariki baada ya miaka mingi, mambo ya chama kimoja yakiwa yamekwisha na sisi tukiwa na mvi. Tulimzika Alhamisi. Wageni walipoondoka alikuja jikoni nilikokuwa nasugua masufuria, akasimama mlangoni na koti lake la mazishi.

"Sasa hayuko," akasema. "Sasa unaweza kuniambia."