Muhogo wa Idara ya Nani?

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, hata leo nimekaa na uzee wangu hapa Kisarawe, mate hunikauka mdomoni. Sikiliza, na iache kwanza hiyo simu.

Nilikuwa chuo kikuu, nasomea elimu ya watu wazima. Mhadhiri wetu alikuwa na neno lake asilochoka nalo: mtu hujifunza tangu anazaliwa hadi anaingia kaburini, na jambo kubwa hivyo huwezi kulielewa kwa somo moja. Akatuchanganya watatu: mimi wa elimu, Elisante wa kilimo, Salome wa uuguzi. Akatutuma tukachunguze jinsi watu wanavyojifunza ukubwani, wakulima wa Msimbu na wafanyakazi wa Kibaha. Msimbu ndiko nilikozaliwa. Malazi tulipata Kongowe, ile ya Kibaha, kwa Bibi Monika, mjane wa Kinyaturu aliyehamia kutoka Singida, akimlea mjukuu wake Neema.

Unadhani tulichanganyika? Thubutu! Tuligawana kazi kama nyama ya harusi. Kila mtu na fungu lake, na asitie mguu kwa mwenzake.

Asubuhi moja Elisante aliegemeza mfuko wa mihogo kwenye ukuta wa jiko. Salome akauliza ni ya nini.

"Ya kilimo, dada," akajibiwa, naye akaendelea kufunga mkoba wake.

Hata mimi niliiona. Ilitoka shamba la mjomba wangu, kando ya msitu, ambako kwa kuwahofia nguruwe pori hupandwa muhogo mchungu mtupu. Kwetu muhogo ule hauliwi mpaka umenywe, ulowekwe, uanikwe ukawa makopa. Mtoto anafundishwa hivyo hata meno hajamaliza kuota. Lakini nikajiambia, hiyo ni ya kilimo, nisije nikaonekana mjuaji. Tukaenda zetu. Bibi Monika wa watu kakulia ugali wa uwele, kwake muhogo ni muhogo.

Tuliporudi mchana tulimkuta uani kampakata Neema. Mtoto anatapika, anahema kwa shida, macho yamelegea. Pembeni pana maganda na kipande cha muhogo chenye alama za meno.

"Alisema ana njaa, nikampa muhogo wenu atafune wakati napika," bibi akasema.

Badala ya kukimbia, tukaanza mashauri! Salome akasema ni malaria, apewe maji kwanza. Elisante alikwishajua, nilimwona alivyobadilika uso, lakini akadai ugonjwa si fani yake. Nami nikasema tumwachie Salome, ndiye wa uuguzi. Ee Mola wangu! Mtoto wa watu anakata roho, sisi tunapishana kwa adabu.

Bibi Monika akapaza sauti mpaka majirani wakatoka.

"Nyie wasomi! Mjukuu wangu hana idara! Anayejua kitu aseme!"

Likanitoka: "Bibi, muhogo huo una sumu, hautafunwi mbichi." Elisante naye akafungua kinywa, akakiri alijua ni mchungu; mficha maradhi kilio humuumbua. Salome kusikia sumu, akaitupa malaria yake, akamlaza Neema ubavu asije akapaliwa, akasema hospitali sasa hivi, na kile kipande tukibebe.

Jirani mwenye pikapu akatupeleka. Daktari akauliza kala nini, kiasi gani, tangu lini. Tukajibu kwa kupokezana, hakuna aliyemngoja mwenzie. Wakaingia naye ndani, sisi tukabaki kwenye benchi. Bibi alisali rozari. Niliogopa, mwanangu, niliogopa vibaya sana. Kila mlango ulipofunguliwa nilijua wanakuja kutuambia hayupo tena.

Jioni muuguzi akatoka, akasema mtoto anaomba uji. Bibi akacheka na kulia kwa pamoja. Elisante akapiga magoti, akaomba radhi, akaapa mihogo yote ataitupa.

"Uitupe?" bibi akamkatiza. "Watu wa Msimbu si wanaila, na wajukuu zao wazima? Mimi ndiye sijui. Nipelekeni nikajifunze."

Na alikwenda, na ule umri wake. Akakaa mkekani na shangazi yangu, anamenya, anauliza. Swali lake moja tu, kwamba muhogo ukilowekwa sumu inakwenda wapi, lilitutoa jasho wote watatu, maana kila mmoja alikuwa na kipande cha jibu. Hapo ndipo nilipomwelewa mhadhiri wetu.

Sasa wewe unakwenda chuo kikuu. Watakupa fani, utaipenda, utatembea nayo kifua mbele. Isome vizuri, lakini usiizungushie ua. Ukijua jambo la kumfaa mtu, liseme hata kama si somo lako. Usilolijua, uliza, kuuliza si ujinga. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Wala usije ukasema umri umepita, nimemaliza kujifunza. Yule bibi alikuwa na kila sababu ya kuuchukia muhogo, akachagua kuujua.

Haya, nenda. Mungu akupe akili, akuzungushie wenzako wasioogopa kukukosoa. Na siku mtoto wa mtu atakapokuwa mikononi mwako, Mungu akufungue kinywa mapema kuliko alivyonifungua mimi.