Popo wa Wino Niliowatundika kwa Wifi

Nimekosa, ndugu zangu. Sitafuti wa kunitetea.

Nilikuwa napika kwenye kambi ya Wachina wa barabara, hapa Kibondo. Mmoja wao, mpimaji mtu mzima, akitoka kazini anachora wanyama kwa brashi na wino mweusi: korongo, samaki, chui. Alipokaribia kurudi kwao akanipa picha ya popo watano.

Nikaruka! Kwetu popo ni wa wachawi. Akacheka. "Mama, kwetu popo baraka. Popo, baraka, Kichina kutamka sawasawa. Watano: umri, mali, afya, roho nzuri, kufa vizuri."

Wifi yangu wa Kasulu, mke wa kaka, alikuwa amepata mtoto baada ya mimba tatu kuharibika. Nikasema baraka hizi ni zake. Nilifika wakiwa kliniki. Jirani yao, Bibi Koleta, mjane aliyekuwa akija kumwogesha mtoto kila asubuhi, akanifungulia. Nikaitundika juu ya kitanda cha mtoto. Nikasema nitawaeleza wakirudi.

Walirudi mtoto anaungua homa. Wifi akainua macho, akawaona wale popo. Imana yanje, Mungu wangu! Alipiga yowe, nyumba ikajaa watu.

"Nani kaingia humu?" kaka akauliza.

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lakini zile sura! Nikasema, "Mimi nimemkuta Bibi Koleta ndani."

Bibi akanigeukia. "Mwanangu, si wewe uliye..."

Hawakumwacha amalize. Walimburuta nje, nyumba yake wakaitia moto. Aliondoka na kanga moja, akisema anakwenda kwa ndugu zake Munanila. Hakufika. Mpaka leo hakuna aliyemwona.

Mtoto alipimwa, ikawa malaria. Akapona. Na mimi bado kimya!

Nilipoona siwezi tena kula, nikamwambia kaka ukweli. Hakufoka.

"Kwa hiyo popo ni wako."

"Kaka, kwa Wachina ni baraka..."

"Huyo Mchina yuko wapi aje aseme?"

Ameshaondoka. Sina hata namba yake.

Sasa maneno yamefika Kibondo. Nikienda bombani, wanawake wananyamaza. Juzi mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Dada, siku hizi unalala peke yako?" Nikaukumbuka moto wa Bibi Koleta.

Wewe unayesoma, kama una neno la kumwokoa mtu, liseme angali amesimama mbele yako. Mimi nililimeza. Nilipokuja kulitoa, hakuna aliyeliamini.