Mafuta Yapi?

Harufu ya mafuta ya taa ikikutana na ya samaki, mpaka leo huacha kula. Nilikuwa darasa la tano, Kibondo, kiangazi kile Mwalimu Mhina, kijana aliyepangiwa shule yetu kutoka Tanga, alipotupeleka skauti wanane kupiga kambi kando ya mto Malagarasi. Tulilala chini ya turubai, tukavua perege wadogo kwa ndoano. Jioni ya pili mwalimu alibandika kikaango juu ya mafiga, na rafiki yangu Bukuru akachuchumaa kugeuza samaki kwa kijiti. "Mwalimu, huku hakuna nazi. Utakula mawese mpaka jasho liwe jekundu!" alimtania. Mwalimu akacheka. "Nyamaza wewe, unaunguza mkia."

Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukatutoa machozi. Kikaango nacho kikaanza kukauka. "Wewe, kimbia ulete mafuta," mwalimu akaniambia, akainama kupara samaki waliobaki. Kwetu ya kupikia yaliitwa mawese tu. Ukisema mafuta, ulimaanisha ya taa, ya kibatari. Nikadhani amechoshwa na moshi, anataka kuni ziwake. Nikachukua chupa ya mafuta ya taa, nikarudi mbio, nikamimina kwenye kuni. Moto ulinguruma, ukaruka juu ya kikaango, ukamshika Bukuru mkono mzima na shavu. Sijasikia tena mtoto akilia vile. Mwalimu aliuzima moto kwa shati lake, akambeba mgongoni hadi zahanati, nami nikiwafuata nyuma. Bukuru alipoingizwa ndani, mwalimu, akihema, aliniuliza, "Umeleta nini, mwanangu? Mimi nilitaka mawese." Nikaelewa pale pale.

Juma lile wazazi waliitwa shuleni. Baba alikaa mstari wa mbele, na fimbo yake nilikuwa naijua. Mwenyekiti wa kamati ya shule akaniuliza mwalimu alisema nini. "Alisema nilete mafuta." Hakukuwa na uongo katika maneno hayo. Lakini wazazi wote wakaguna, kwa maana wote walisikia mafuta ya taa, kama nilivyosikia mimi. "Yaani amemtuma mtoto amwage mafuta ya taa motoni!" mama yake Bukuru akapiga yowe. Mwalimu alinitazama bila hasira, akisubiri. Neno moja tu lilitakiwa. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Ijumaa alipanda lori la Kasulu na sanduku lake la bati, akiwa amefukuzwa, na hatukumwona tena.

Sasa mimi ni mzee, naishi Kasulu. Mkwe wangu hukaanga samaki wa migebuka uani kwa mafuta ya alizeti, na taa zetu ni za sola. Akisema, "Baba, nisogezee mafuta," mimi huuliza, "Mafuta yapi?" Wajukuu hucheka. "Babu, kwani yako mangapi humu ndani?"

Jumapili iliyopita Bukuru alikuja kula nasi. Alipokea sahani kwa mkono ule ule wenye kovu, vidole viwili vimeshikana, akasema kama asemavyo kila akiona samaki: "Yule Mtanga wako alitaka kuniua."

"Alitaka mawese," nikasema.

Aliacha kutafuna. Alinitazama kama alivyonitazama mwalimu, ila safari hii sikuinamisha macho.