Faili Lililoruhusu Kila Mtu

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja Manyoni, nyuma ya bibi aliyetoka Itigi kufuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Mtoto alikuwa anatakiwa shuleni kesho yake. Taarifa zake zilikuwa kwenye kompyuta ya Singida mjini, na karani, anayeingia humo kwa mtandao kwa kutumia faili la siri linaloitwa ufunguo, alikuwa anakataliwa tangu asubuhi.

Akampigia fundi, akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu.

"Faili la ufunguo wako umemruhusu nani kulisoma?" fundi akauliza.

"Wote. Jana lilinisumbua, nikafungulia kila mtu."

"Ndiyo maana, kaka. Ufunguo unaosomwa na kila mtu, mashine haiuamini. Waondoe wote, ubaki wewe tu."

Karani akafuta jina moja moja, midomo ikichezacheza. Akajaribu tena. Safari hii akaingia, na printa ikaanza kunguruma.

Bibi alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakisoma jina kwa jina, kisha akamtazama karani.

"Pole, baba. Hata kwangu, ufunguo wa ghala ninao mimi peke yangu."

Karani akacheka. Mimi sikucheka, maana nywila ya kompyuta yangu wanaijua wote ofisini kwetu.